Flannery O'Connor: Mwandishi Aliyefichwa Jina la Ugonjwa Wake



Vijana wenzangu, leo sileti maisha ya mtakatifu aliyetangazwa na Kanisa. Naleta maisha ya dada mmoja Mkatoliki wa Marekani, mwandishi wa hadithi, aliyefariki tarehe 3 Agosti 1964 akiwa na miaka 39 tu. Anaitwa Flannery O'Connor. Wengine mmemsoma chuoni, wengine ndo mnamsikia leo kwa mara ya kwanza, karibuni wote.

Nimemchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, aliishi imani yake bila makelele, kwenye meza ya kuandikia na kwenye benchi la kanisa. Ya pili, aliugua lupasi, na ugonjwa huo umefika hadi kwenye ukoo wetu, tena ukiwa na mwenzake ambaye watu wachache wanamjua. Mwishoni nitawaambia kilichotokea nyumbani, na aibu niliyoipata mimi mwenyewe. Twende taratibu.

Mtoto wa Savannah

Flannery alizaliwa tarehe 25 Machi 1925 mjini Savannah, jimbo la Georgia, siku Kanisa linapoadhimisha Kupashwa Habari Bikira Maria. Kusini mwa Marekani wakati ule Wakatoliki walikuwa wachache, wamezungukwa na Wabaptisti na Wamethodisti pande zote. Alikuwa mtoto pekee wa Edward na Regina. Tangu utotoni alipenda ndege. Alikuwa na kuku mmoja aliyetembea kinyumenyume, mpaka watu wa sinema wakaja kumpiga picha yeye na kuku wake!

Lakini furaha haikudumu. Baba yake, ambaye alimpenda sana na kujivunia michoro na vijihadithi vyake, alianza kuugua. Familia ikahamia Milledgeville, mji mdogo wa ukoo wa mama yake. Tarehe 1 Februari 1941 baba akafariki kwa lupasi. Flannery alikuwa na miaka 15. Wakati ule madaktari walikuwa na machache sana ya kumpa mgonjwa wa lupasi.

Sasa, lupasi ni nini? Si kansa, na wala hauambukizwi. Mungu ametuumba na mfumo wa kinga, kama askari wanaolinda mji. Kazi yao ni kupambana na vijidudu vinavyoingia kutoka nje. Kwa mgonjwa wa lupasi, askari hao wanakosea na kuugeukia mji wao wenyewe. Wanashambulia viungo, ngozi, damu, figo, wakati mwingine hata moyo na ubongo. Kwa nini wanakosea? Kuna mchango wa kurithi, na kuna mambo mengine ya mwili na mazingira, lakini hakuna kosa la mgonjwa lililosababisha. Katika kila wagonjwa 10, kama 9 ni wanawake, na wengi huanza kuugua wakiwa bado vijana wa umri wa kuzaa.

Treni ya Desemba

Baada ya chuo, mwaka 1945 Flannery alikwenda Chuo Kikuu cha Iowa kujifunza uandishi. Huko mbali na nyumbani alikuwa akienda Misa kila siku. Pia alikuwa na daftari la sala, ambalo lilichapishwa miaka mingi baadaye, mwaka 2013. Ukilisoma unaona binti wa miaka ishirini na kitu anayemwomba Mungu waziwazi amsaidie aandike vizuri, na wakati huohuo anaogopa asije akajitafuta mwenyewe badala ya Mungu. Yaani ni kama sisi tu, tunaosali huku jicho moja linaangalia simu.

Mambo yakaanza kumnyookea. Akaishi New York, kisha akahamia Connecticut kwa marafiki zake Wakatoliki, Robert na Sally Fitzgerald, akiandika riwaya yake ya kwanza. Alikuwa na miaka 25, na mipango yake yote ilikuwa huko kaskazini.

Desemba 1950 mikono ikaanza kuwa mizito, mabega yakauma. Akapanda treni kurudi Georgia kwa Krismasi. Alipofika alikuwa mgonjwa hoi. Akalazwa, homa ikapanda, akaongezewa damu. Daktari mmoja wa Atlanta, Arthur Merrill, akatambua kwamba ni ugonjwa uleule uliomuua baba yake.

Hapa ndipo pananiuma. Mama yake aliambiwa. Flannery hakuambiwa. Yeye alijua tu kwamba ana baridi yabisi. Mama aliona kwamba binti aliyemzika baba yake kwa lupasi, akisikia neno lupasi akiwa hoi kitandani, atakata tamaa na kufa. Msimhukumu haraka Mama Regina. Akina mama wangapi kwetu wangefanya hivyohivyo? Alifanya kwa upendo. Lakini kwa zaidi ya mwaka mmoja, binti yake alikuwa anapanga maisha yake juu ya jambo lisilo la kweli. Alijichoma sindano za dawa mpya ya homoni, iliyoitwa ACTH, akiamini kwamba akipata nguvu atarudi zake Connecticut.

Riwaya yake ya kwanza, Wise Blood, ilitoka Mei 1952. Kiangazi hichohicho alikwenda kuwatembelea akina Fitzgerald. Siku moja wakiwa garini alitaja baridi yabisi yake. Sally akaona hawezi tena kuubeba uongo ule, akamwambia: una lupasi. Flannery alitetemeka. Kisha akamshukuru rafiki yake. Baada ya hapo aliagiza vitabu na vitu vyake vilivyobaki Connecticut vipelekwe Georgia. Hakuwa anasubiri tena kupona ili aishi. Akaanza kuishi palepale alipo.

Mwenzake lupasi

Tusimame kidogo hapo kwenye mwaka 1952, maana mwaka huohuo, mjini Baltimore, madaktari wawili walieleza jambo la ajabu kuhusu wagonjwa wa lupasi. Damu ya wagonjwa wawili ilichelewa kuganda ilipowekwa kwenye kichupa cha maabara. Baadaye kitu kilichosababisha hali hiyo kikapewa jina ambalo maana yake ni kizuizi cha lupasi kinachozuia damu kuganda. Miaka ikapita, ndipo ikaonekana kwamba mwilini kitu hichohicho kinafanya kinyume kabisa: kinaifanya damu igande ovyo ndani ya mishipa! Nikiwa mwanafunzi wa falsafa nilifundishwa kwamba jina la kitu si kitu chenyewe. Sikujua kwamba mfano mzuri kiasi hicho uko hospitalini.

Jambo la pili lilikuwa chungu zaidi. Kipimo cha kaswende cha wakati ule kilitumia mafuta fulani yaliyotolewa kwenye moyo wa ng'ombe. Baadhi ya watu wenye lupasi, ambao hawakuwa na kaswende kabisa, walipopimwa walionekana wanayo. Majimbo mengi ya Marekani yalidai kipimo hicho kabla ya ndoa. Hebu fikiria: binti amejitunza, anakwenda kupima ili afunge ndoa, anarudishiwa karatasi inayosema ana ugonjwa wa zinaa. Nani atamwamini? Wengine wao walikuja kuugua lupasi miaka mingi baadaye, ndipo ukweli ukajulikana.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, daktari Graham Hughes na wenzake mjini London waliunganisha vipande hivyo. Waliona kuna ugonjwa unaojitegemea. Unaitwa sindromu ya antifosfolipidi, au kwa kifupi ugonjwa wa Hughes. Hapa askari wa mwili hutengeneza kingamwili zinazolenga protini zilizoshikamana na mafuta ya kwenye kuta za seli. Matokeo yake damu inaganda mahali pasipotakiwa. Ikiganda mguuni, mguu mmoja unavimba na kuuma. Bonge likisafiri hadi mapafuni, mtu anabanwa pumzi ghafla. Likiziba mshipa wa ubongo, kijana wa miaka 30 anapata kiharusi. Na kwa mama mjamzito kingamwili hizo huliathiri kondo la nyuma, mimba inaharibika, tena na tena.

Uhusiano wake na lupasi uko hivi. Katika kila wagonjwa 100 wa lupasi, kama 30 hadi 40 wana kingamwili hizo kwenye damu. Si wote hao watakaopata mabonge ya damu, lakini hatari yao ni kubwa kuliko ya wengine. Halafu wapo wengi wenye ugonjwa wa Hughes ambao hawana lupasi kabisa. Kwa hiyo ni ndugu wawili wanaopenda kutembea pamoja, lakini kila mmoja anaweza kuja peke yake. Dawa zao pia ni tofauti. Lupasi hutulizwa kwa dawa za kutuliza kinga, pamoja na haidroksiklorokwini, ambayo asili yake ni dawa ya malaria. Ugonjwa wa Hughes unahitaji dawa za kuzuia damu isigande, kama warfarini. Ndiyo maana mtu akijua jina moja tu wakati anayo yote mawili, anatibiwa nusu.

Simaanishi kwamba Flannery alikuwa na ugonjwa huu wa pili. Yeye alifariki kabla haujapewa jina. Ninachosema ni kwamba alikuwa wa kizazi cha wagonjwa ambao miili yao iliwafundisha madaktari. Sisi tunakula matunda ya mti ambao wao hawakukaa kwenye kivuli chake.

Magongo na tausi

Turudi Georgia. Flannery na mama yake waliishi kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa liitwalo Andalusia, nje kidogo ya Milledgeville. Ratiba yake ilikuwa ya kimonaki kabisa. Asubuhi sala na Misa, kisha saa mbili au tatu za kuandika, bila kukosa. Nguvu zake ziliishia hapo. Mchana alipokea wageni, alijibu barua, alilisha ndege wake. Alifuga tausi, wakafika kama 40, wakaharibu maua ya mama yake mpaka basi. Usiku kabla ya kulala alisoma kurasa za Mtakatifu Tomaso wa Akwino. (Maprofesa wangu watafurahi kusikia hilo.)

Mwaka 1955 mifupa ya nyonga ilikuwa imedhoofika, akaanza kutembea kwa magongo. Mwaka huohuo ukatoka mkusanyiko wake wa hadithi, A Good Man Is Hard to Find. Nawaonya, hadithi zake si za kubembeleza. Zina wauaji, waongo, na Wakristo wanaojiona wema huku mioyo imejaa majivuno. Neema inawajia kama kipigo, si kama pipi. Mara ya kwanza niliposoma niliudhika. Mara ya pili nilijiona.

Na tuseme ukweli wote. Katika barua zake kuna maneno ya dharau juu ya Wamarekani weusi, na mwaka 2020 chuo kikuu kimoja cha Kijesuiti kiliondoa jina lake kwenye jengo la wanafunzi. Sisi Waafrika tuna haki ya kuumia. Mimi niliumia. Ila sikutaka kuwafichia, kwani makala nzima hii inahusu kutofichana. Aliandika dhidi ya kiburi cha wazungu wa Kusini, na yeye mwenyewe hakuwa amepona kiburi hicho. Tumwombee, kama tunavyowaombea marehemu wote.

Mwaka 1958 ndugu yao mmoja mzee aliwalipia yeye na mama yake kwenda kuhiji Lourdes. Flannery hakuwa na hamu. Aliogopa maonyesho ya uchaji. Lakini akatii, akaingia kwenye maji. Na baadaye alikiri kwamba pale hakuombea mifupa yake, aliombea riwaya aliyokuwa anaandika! Walipofika Roma walimwona Papa Pius XII. Baadaye mwaka huohuo daktari akamwambia mfupa wa nyonga umeanza kurudisha nguvu. Riwaya nayo ikakamilika, ikatoka mwaka 1960.

Mwanzoni mwa 1964 alikuwa amepungukiwa damu kwa sababu ya uvimbe kwenye kizazi. Februari akafanyiwa upasuaji. Upasuaji ukafaulu, lakini ukaiamsha lupasi iliyokuwa imelala. Miezi ile ya mwisho alificha karatasi zake chini ya mto hospitalini, maana aliogopa wangemkataza kufanya kazi. Hadithi zake bora kabisa alizimalizia hapo. Julai alipokea Mpako wa Wagonjwa. Figo zikashindwa, akafariki tarehe 3 Agosti. Alizikwa kando ya baba yake. Mwaka 1972 mkusanyiko wa hadithi zake zote ulipata Tuzo ya Kitaifa ya Vitabu ya Marekani, yeye hayupo.

Kilichotokea nyumbani

Sasa lile la nyumbani. Nina binamu, mtoto wa shangazi yangu, mimi namwita dada. Ameniruhusu niandike, mradi nisimtaje jina. Aliolewa kwa ndoa ya Kanisa, akabeba mimba tatu, zote zikaharibika. Wifi zake wakaanza minong'ono. Mara amerogwa, mara alitoa mimba akiwa shuleni ndo maana. Kwenye mimba ya tatu akapimwa kaswende kwa kipimo kiitwacho VDRL, ambacho bado kinatumia mafuta ya aina ileile. Ikaonekana anayo. Mume wake hakuonekana nayo. Si unajua kilichofuata? Alirudishwa kwao.

Mimi nilikuwa mwaka wa tatu wa falsafa. Nilikuwa nimefaulu Mantiki kwa alama za juu. Na nilihitimisha kama wengine wote: kuna jambo alilifanya. Sikumwambia, ila niliacha kumpigia simu. Likizo ile sikwenda kwao.

Miezi kadhaa baadaye mguu wake wa kushoto ukavimba. Safari hii alikutana na daktari aliyeuliza maswali: kuhusu viungo kuuma, kuhusu vipele vya usoni, kuhusu zile mimba tatu. Akamrudia kipimo cha kaswende kwa njia nyingine ya kuthibitisha, hakuwa nayo. Hakuwahi kuwa nayo. Akampima zile kingamwili, akarudia tena baada ya wiki 12, kama inavyotakiwa, kwani maambukizi ya kawaida yanaweza kuzipandisha kwa muda. Jibu likawa: ana lupasi, na ana ugonjwa wa Hughes. Yote mawili.

Shangazi alimwomba daktari wazungumze pembeni kwanza. Dada akakataa. Akasema aambiwe yeye, palepale, na mume wake aitwe asikie. Aliitwa. Alilia. Wakarudiana.

Kwenye mimba ya nne alichomwa sindano za heparini kila siku pamoja na vidonge vya aspirini vya kiwango kidogo, maana warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kwa matibabu hayo wanawake wengi wenye tatizo hili wanajifungua salama. Mtoto ana miaka miwili sasa. Mimi nilikwenda kuomba msamaha nikiwa na maneno mengi niliyoyaandaa. Dada akaniambia nishike mtoto, yeye anasonga ugali.

Katika Injili ya Yohane sura ya 9, wanafunzi wanamwona kipofu na swali lao la kwanza ni nani aliyetenda dhambi. Walikuwa wanatembea na Yesu mwenyewe na bado wakauliza hivyo. Yesu anakataa swali lenyewe.

Kwa hiyo, kijana mwenzangu, nakuachia mambo matatu ya kufanya wiki hii. Kama kuna dada kwenye jumuiya yenu amepoteza mimba zaidi ya mara moja, au kijana amevimba mguu mmoja ghafla au amebanwa pumzi, mwambie aende hospitali na aeleze historia yake yote, asifiche. Kama kuna mgonjwa nyumbani na watu wazima wananong'ona mlangoni, mpeni ukweli wake, kwa upole na kwa wakati unaofaa. Sally alimpenda Flannery kiasi cha kumwambia. Na kama kuna mtu uliacha kumpigia simu kwa sababu ya kitu ulichosikia, mpigie leo.

Tuombe. Bwana Yesu, wewe unayejua kila ugonjwa kwa jina lake, uwape nguvu wote ambao miili yao inajipiga yenyewe. Uwape madaktari wanaouliza, na ndugu wasiohukumu. Umpe pumziko la milele mtumishi wako Flannery, na sisi utuponye midomo yetu. Amina.

Frateri wenu, niombeeni.